Mkono wa Kushoto, wa Mbele

Afisa wa forodha aliuliza, "Midoli?"
Nikamwambia, gari.
Akatikisa boksi, likalia kama debe la njugu.
"Sasa gari liko wapi?"
Bado, kaka. Ndiyo nakwenda kulifanya.

Mifuko kumi na minne, kila mmoja na herufi yake,
skrubu ndogo za kupotea kwenye mstari wa kiganja,
na kitabu cha michoro kisicho na neno hata moja,
kana kwamba aliyekichora alijua
nitakifungua Mtoni, saa tisa usiku,
nimetoka zamu, viatu vya wodini bado miguuni.

Nilianza na difu.
Gia zake nikazilaza kwenye trei ya chuma
waliyoitupa wodi namba tano kwa kuwa imebonyea,
nikazimiminia mafuta mazito, yakatambaa
kama mtu asiyetaka kwenda anakotumwa.
Ukikaza mno, gia zinalia.
Ukilegeza, zinatafunana.
Kitabu hakisemi ukaze kiasi gani.
Kidole ndicho kinachosema.

Lakini shokapu ndizo zilizonitambua.
Ukijaza mafuta, viputo hujibanza chini ya pistoni,
na kiputo kimoja tu kikibaki
gari litaruka kama mbuzi aliyeona nyoka.
Nikachukua bomba la sindano, jipya, la mililita tano,
nikavuta, nikagonga kwa ukucha,
ta, ta, ta,
miaka kumi na tisa nagonga hivyo
hewa isiingie mshipani mwa mtoto wa mtu.
Umeme ulikatika katikati ya shokapu ya tatu.
Nikaendelea kwa kupapasa.

Tegeta, nyuma ya ghala la saruji,
wanaume kumi na mmoja, na mimi.
Nilimaliza wa kumi.
Jignesh wa Upanga akaligeuza gari langu tumbo juu,
akasema kwa upole (upole ndio uliouma):
"Sista Mwasiti, hii mikono bado ni plastiki ya kwenye boksi."

Basi Jumatatu nikawa Gerezani, kwa Mkwizu,
anayekata chuma huku anatafuna muhogo.
Mikono minne ya aluminiamu, elfu sitini,
na nimpime presha.
Presha ikawa juu kuliko bei.
Nikamwandikia karatasi aende kliniki;
hakwenda, lakini mikono aliipiga tupa
mpaka mama akauliza kama ni ya kuvaa harusini.

Mashindano ya pili. Mzunguko wa nne. Niko wa tatu,
wa tatu! na vumbi lote liko nyuma yangu,
gari likaruka tuta, likatua vibaya
kwenye ukingo wa bomba.
Mkono haukupinda. Haukupasuka.
Ulisimama imara kama ulivyoagizwa,
ukaupitisha mshindo wote ndani,
ukavunja pua ya gari, ukang'oa shokapu,
na mafuta yangu yasiyo na kiputo
yakanyweka kwenye changarawe.
Nilibaki jukwaani na rimoti
kama mtu aliyekatiwa simu.

Usiku ule nikafukua droo,
chini ya risiti za LUKU na vifungo,
nikautoa ule wa zamani, wa kushoto, wa mbele.
Nikaukunja kwa vidole viwili. Ukakunjika.
Nikauachia. Ukarudi.
Nikaukunja tena.
Nikamkumbuka Sista Ndekirwa wa leba,
aliyekuwa hatikisiki, mwaka baada ya mwaka, hata chozi,
mpaka Jumanne ile, kwenye ngazi,
kwa sababu ya kikombe cha chai kilichomwagika.

Nikaagiza pua mpya. Ikachukua wiki saba.
Plastiki nikairudisha yote minne,
aluminiamu sasa inazuia mlango wa jikoni usijibamize.

"Umerudi kwenye plastiki?" Jignesh akauliza.
Nimerudi.
Akacheka kidogo, akabonyeza gari kwa kiganja.
Likazama, likapanda, polepole, bila sauti.
Akabonyeza tena. Akaacha kucheka.
"Shokapu nani alikujazia?"

Nikamwonyesha ukucha.